Mwanamke Aliyetibu Cherehani kwa Masikio

Mteja aliitua cherehani yake juu ya meza, akafuta jasho, akampita mwanamke aliyesimama na bisibisi mkononi, akaenda moja kwa moja kwa mwanaume aliyekaa kwenye kiti karibu na dirisha.

"Shikamoo, Fundi. Hii mashine inaruka mishono. Imenihangaisha wiki nzima."

Mwanaume alimtazama asijibu. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umelala, na mkono wa upande huo ulikuwa mapajani kama kitu alichopewa amshikie mtu mwingine. Ilikuwa imepita miaka mitatu tangu apigwe na kiharusi. Maneno aliyobakiwa nayo yalikuwa machache: hapana, maji, na jina la utani alilompa mkewe enzi za uchumba, ambalo tuliache hapohapo, kwa kuwa ni lao wawili.

"Ninayetengeneza ni mimi," mkewe alisema. "Zungusha gurudumu niisikie."

Mteja akazungusha huku macho yake yakiwa bado kwa yule mwanaume. Mke akainamisha kichwa, akasikiliza mizunguko minne. Akaitoa sindano, akaitazama kwenye mwanga, akaitupa, akavika nyingine, akapitisha uzi na kushona mstari mmoja kwenye kipande cha kitambaa. Mishono ilinyooka. Kazi yote haikufika dakika sita.

"Asante sana, Fundi, Mungu akuzidishie," mteja akamwambia mwanaume wa dirishani, akabeba mashine yake na kutoka.

Siku nyingi za mke zilikuwa hivyo. Mtaa mzima ulimwita mke wa Fundi, na hakuwa na hasira na mtu. Hasira inataka nguvu, na zake zilikuwa zimeshagawanywa tangu alfajiri: kumnyanyua mume, kumwogesha, kumvisha, kumlisha, kisha kumtembeza hadi dukani akiwa amemwegemea begani, hatua kwa hatua, huku akijibu salamu za majirani waliouliza kila asubuhi, "Mgonjwa anaendeleaje?" Kufikia saa tatu, akishafungua mlango na kupanga vifaa mezani, kiuno kilikuwa kinamwambia ni jioni.

Ufundi hakuusomea. Alipoolewa alikuwa akija dukani kumletea mume chakula cha mchana, akabaki kumpangia sindano kwa ukubwa, halafu kumshikia taa. Siku moja mume alikuwa amefungua mashine mara tatu bila kuona ugonjwa wake. Mke, aliyekuwa akifagia, akasema bila kuinua kichwa, "Kuna kitu kinagonga upande wa chini, kila mzunguko wa pili." Mume akafungua upande wa chini. Kilikuwepo. Tangu siku hiyo, kila mashine iliyomshinda alimwita, "Hebu njoo uisikilize hii." Yeye akisikiliza, mume akifungua, na polepole mikono ya mke nayo ikajua njia. Wakafanya hivyo miaka ishirini na miwili. Lakini aliyeonekana na wateja ni mume tu, na alipoanguka, wengi walihesabu kwamba ufundi umeanguka naye. Wakahamia kwa fundi mpya wa njia panda, kijana mwenye kibao kikubwa cha rangi na maneno mengi.

Mtu aliyekataa kulizoea jambo hilo alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mume, mwalimu mstaafu, mjane, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka dukani. Kila siku saa nne alikuja na chupa ya chai na mdomo usiochoka.

"Wifi, wewe unaongea na mashine kuliko unavyoongea na watu," alimwambia siku moja.

"Mashine hainiulizi fundi yuko wapi."

Wifi akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akaketi vizuri, kwa namna ya mwalimu anayetaka darasa linyamaze. "Sikiliza. Mimi nikiwa jikoni nasikiliza podikasti. Ni kama redio, ila haina saa. Mtu anaweka maneno yake, nami nasikiliza kwenye simu nikipata nafasi. Kuna daktari wa meno anaeleza habari za meno. Hata sijawahi kumwona, lakini jino likiniuma leo, ni huyo nitakayemtafuta. Kwa nini? Kwa sababu nimeshamsikia anajua."

"Sasa mimi niseme nini?"

"Hayohayo unayowaambia wateja wakiwa wamekugeuzia kisogo."

Alikataa. Alisema sauti yake mbaya, hana muda, amechoka. Wifi alikubaliana naye kwenye yote matatu, na Jumapili iliyofuata akaja na simu yake na kiti.

Walirekodi kwenye chumba cha nyuma, kilichojaa magunia ya vipande vya nguo, kwa sababu magunia yalimeza mwangwi. Iliwabidi wasubiri mchomeleaji wa jirani aende kula, maana mashine yake ya kukatia vyuma ilikuwa inapiga kelele kama mtu anayeng'olewa jino. Mara ya kwanza mke wa Fundi alisahau kila kitu. Mara ya pili akaongea kwa lugha ya barua rasmi, na wifi akamkatiza, "Nani huyo? Mwite wifi yangu arudi." Mara ya tatu alikuwa ameshachoka kiasi cha kutojali. Akasema tu: jinsi ya kujua sindano imekufa, kwa nini uzi wa chini unajikunja, na kwa nini mafuta ya kupikia hayana kazi kwenye cherehani hata kama mama yako mzazi alikuwa anayatumia.

Wakaiita Sikiliza Mashine. Waliosikiliza wiki ya kwanza walikuwa kumi na mmoja; watano ni marafiki wa wifi, na wifi mwenyewe alisikiliza mara tatu.

Alipojisikia kwenye simu, mke wa Fundi aliona aibu. "Hii sauti imechoka," alisema. "Nani anataka kusikia mtu aliyechoka?"

"Ni sauti ya mtu aliyefanya kazi," wifi akamjibu, na mara hiyo hakutania.

Mambo yaligeuka miezi mitano baadaye, na hawakupanga. Mshonaji mmoja alituma ujumbe wa sauti akieleza tatizo lake, lakini hakuna aliyemwelewa kwa sababu mashine ilikuwa ikikimbia nyuma yake. Wifi alitaka kuufuta. Mke wa Fundi akamshika mkono. "Ngoja. Rudisha." Akafumba macho. "Mkanda wake umelegea, na hajatia mafuta tangu mwaka juzi. Mwambie aguse mkanda kwa kidole. Ukiingia ndani zaidi ya upana wa kidole, aukate na kuufunga upya."

Mshonaji alijibu siku hiyohiyo. Alikuwa akicheka: mashine imepona. Aliyatuma majibu hayo kwa wenzake, na wenzake wakatuma mashine zao, maana yake sauti za mashine zao. Basi kila Jumapili kipindi kikaanza kwa mlio wa cherehani ya mtu fulani, mahali fulani, na baada ya mlio ile sauti iliyochoka ikisema, "Haya. Huyu ana tatizo la bobini ya uzi wa chini."

Mwaka haujaisha, meneja wa kiwanda cha sare za wauguzi akapiga simu, wifi akaipokea. Alikuwa na mashine nane zilizolala, na mafundi wawili walikuwa wameshindwa. Alitaka Fundi wa Sikiliza Mashine. Mke wa Fundi alimwacha mume na dada yake, akaenda na begi lake la vifaa. Meneja alikuwa mlangoni. Alimtazama juu mpaka chini, kisha akatazama nyuma yake, barabarani, kama anayesubiri mtu ashuke garini.

"Mama, unamtafuta nani?"

"Nimeitwa kuangalia mashine."

Meneja alitega sikio. "Hebu sema tena."

"Nimesema nimeitwa kuangalia mashine. Nane. Na kama kuna kiti, nitashukuru, maana nimetembea."

"Ni wewe!" Meneja alipiga makofi kama mtoto. "Jumapili nakusikiliza nikipiga pasi! Jamani, leteni kiti! Fundi amefika!"

Alikaa kwenye kile kiti, akaomba ziwashwe moja baada ya nyingine, na watu wa kiwandani wakasimama kimya kumtazama anavyosikiliza. Saba zilipona siku hiyo. Ya nane alisema ukweli kwamba imekufa, waitoe wakatumie vipuri vyake. Akarudi nyumbani, akamwogesha mume, akamlisha, akalala na viatu.

Ungedhani kuanzia hapo mambo yalikuwa mepesi. Jina lilikua, na kazi ikakua nalo, na mwili ukabaki uleule. Simu ilikuwa haipumziki. Watu walituma milio akiwa sokoni, akiwa kanisani, akiwa amemshika mume bafuni. Wengine walikasirika wasipojibiwa siku ileile. "Fundi umeadimika," waliandika. "Fundi, siku hizi una maringo." Wateja dukani wakaongezeka, na sasa waliingia wakaja moja kwa moja mezani kwake. Hakuna aliyetazama tena upande wa dirisha. Mke aliliona hilo, akajiambia atalifikiria akipata nafasi, na nafasi haikupatikana.

Ni mume aliyelitafutia namna ya kulisema. Alianza kupiga mkono wa kiti. Wifi alizoea kukichezesha kipindi kizima dukani kabla ya kukirusha, na mume alikuwa akisikiliza kwa utulivu kisha, ghafla, mkono wa kushoto unapiga: pa! pa! "Hapana."

"Mdogo wangu ana wivu," wifi alisema. "Alikuwa anaimba peke yake, sasa kapata mshindani." Wakacheka wote wawili, si kwa ubaya, ila walicheka.

Jumapili moja mke alirekodi akiwa na homa. Mada ilikuwa mashine inayoruka mishono hata baada ya sindano kubadilishwa, na dawa yake ni kulegeza skrubu ya nguzo ya sindano, kile chuma kinachoishika sindano, na kuishusha nguzo kidogo sana. Alijiona ameeleza vizuri mwanzo hadi mwisho. Wifi alipokichezesha, mume alisikiliza, kisha akaanza kupiga. "Hapana. Hapana. Hapana." Alipiga mpaka jasho likamtoka. Mate yalimchuruzika kidevuni na mke akaenda kumfuta.

"Nini sasa, mume wangu? Maji?"

"Hapana!"

"Umechoka? Turudi nyumbani?"

Alimtazama mkewe kwa macho ambayo baadaye mkewe aliyakumbuka sana. Kisha akageukia ukutani. Mke alikuwa amesimama tangu alfajiri na kichwa kilikuwa kinamgonga. "Kirushe tu, wifi," alisema. "Mimi siwezi kukisikiliza tena."

Alhamisi ikaja simu, mwanamke, sauti ya taratibu. Alisema ni mshonaji, yuko mbali, mwendo wa saa tano kwa basi. Hakuwa amepiga kugombana.

"Fundi, labda mimi ndiye niliyekosea. Mashine yangu ilikuwa inaruka, nikafanya kama ulivyosema. Nililegeza, nikashusha nusu sentimita. Nilipima kwa rula. Nilipokanyaga, sindano iligonga chuma ikavunjika. Kipande kimenipata chini ya jicho. Sasa gurudumu halizunguki kabisa, na nina sare za wanafunzi, shule zinafunguliwa Jumatatu."

Mke wa Fundi alikaa chini. Alijua kabla hajasikiliza, lakini alisikiliza. Alitafuta kipindi kwenye simu ya wifi, akafika mahali penyewe, na sauti yake mwenyewe, iliyochoka, yenye uhakika, ikasema: "Ishusheni nusu sentimita tu." Nusu sentimita. Alikusudia nusu milimita, unene wa kucha. Mtu yeyote aliyewahi kufungua cherehani angeshtuka. Na mtu aliyewahi kufungua cherehani alikuwa ameketi dirishani, na alikuwa ameshtuka, na alikuwa amesema.

Alimwendea, akapiga magoti mbele ya kiti. "Ulikuwa unaniambia sentimita," alisema.

Mume hakupiga kiti. Alimwita kwa lile jina lao, mara moja, akafumba macho.

Wifi aliitua chupa yake ya chai mezani. Kisha akasema: "Tukiondoe kipindi, wifi. Tukifute kimyakimya. Waliosikia hawatakumbuka."

"Yule mama ana jeraha chini ya jicho."

"Najua. Lakini umejenga jina kwa shida. Yule fundi wa njia panda atalitangaza kosa hili mjini kwa ngoma."

"Kifute. Lakini kesho nasafiri."

Ijumaa alfajiri alipanda basi, na ndoano mpya ya mashine, kile chuma cha chini kinachodaka uzi, ikiwa imefungwa kwenye leso ndani ya begi. Chumba cha mshonaji kilikuwa kidogo, kimejaa mashati meupe yasiyo na mikono, yamening'inizwa kwenye kamba. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa rika lake. Walipoonana walitazamana kidogo, kama ndugu waliokulia nyumba tofauti.

"Nilidhani wewe ni mnene," mshonaji alisema.

"Na mimi nilidhani utanifukuza."

"Ningekufukuza, nani angetengeneza?"

Alitengeneza. Ndoano ya zamani ilikuwa imevunjika ncha. Aliweka mpya, akapandisha nguzo ya sindano, akapima kwa kucha, akazungusha gurudumu kwa mkono mara kumi kabla ya kumruhusu mwenzake akanyage. Kisha, kwa kuwa basi la kurudi lilikuwa bado, akavua viatu akakaa kwenye mkeka kumsaidia kupachika mikono ya mashati. Wakiwa wanapachika, alimsimulia ile homa ya Jumapili. Kufikia saa tisa yalikuwa yamebaki sita. Mshonaji alimsindikiza hadi kituoni, na wakati wa kuagana akamwambia, "Usiwe unaongea ukiwa unaumwa, dada." Lilikuwa ni karipio, na alilipokea.

Jumapili aliingia chumba cha magunia. Kipindi hakikuanza na mlio wa mashine.

"Wiki hii sina mashine ya kuwasikilizisha," alisema. "Niliwaambia mshushe nguzo ya sindano nusu sentimita. Nilikosea. Ni nusu milimita, unene wa kucha ya kidole kidogo. Kama umeshaishusha, usikanyage. Ipandishe, na nipigie hata kama nitakuwa nimelala. Kuna mwenzetu ameumia kwa sababu ya ulimi wangu. Na jambo lingine. Aliyenifundisha kazi hii ni mume wangu. Anaumwa, haongei, lakini anasikia, na alinikataza nisirushe kile kipindi. Nilidhani ananisumbua. Basi. Sina zaidi."

Watu wanne zaidi walipiga simu. Walikuwa wameshusha, lakini gurudumu liligoma kuzunguka wakaogopa, wakaacha. Wengine walituma matusi. Wengine waliondoka tu, na wifi aliyejua kuangalia idadi yao hakumwambia mke wa mdogo wake ni wangapi. Fundi wa njia panda alining'iniza kibao kipya: HAPA TUNATENGENEZA KWA MACHO, SI KWA MASIKIO. Wifi alitaka kwenda kukishusha kwa mikono yake. Mke wa Fundi alikwenda kukisoma mwenyewe, akasimama mbele yake, na akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Ilikuwa ni mara yake ya kwanza kucheka tangu ile simu ya Alhamisi.

Wiki iliyofuata meneja wa kiwanda alituma mashine tatu, na karatasi iliyoandikwa "Kwa Fundi."

Siku hizi kipindi hakirushwi kabla mume hajakisikia. Akiinua mkono wa kushoto, kinarushwa. Akipiga kiti, wanarudi nyuma, wanakichezesha sentensi kwa sentensi hadi wapate kilichomkera. Ni kazi ndefu. Zipo siku anapiga kwa sababu neno limekosewa kweli, na zipo siku anapiga kila kitu kwa sababu ameamka vibaya, na hakuna njia ya kuzitofautisha ila kusikiliza yote tena. Mke husikiliza yote tena. Wateja wakiingia huwaambia, "Msalimieni Fundi kwanza," na wao husimama katikati ya duka, hawajui wageukie wapi, mpaka wanasalimia wote wawili.

Mwezi uliopita mkuu wa chuo cha ufundi alimpigia. Alitaka aje kufundisha, siku mbili kwa wiki.

"Cheti sina," alimwambia.

"Walimu wangu wote wanavyo," mkuu alijibu, "na nina cherehani thelathini zimekufa chumbani."

Alihesabu siku kichwani: ya duka, ya kiwanda, ya kurekodi, na zile za mume, ambazo ni zote. "Siku moja kwa mwezi," alisema mwishoni. "Mbili zitanizika." Mkuu alikubali haraka kuliko mke alivyotarajia, naye alipokata simu alijilaumu kwa kutoomba pia waje kumchukua kwa gari.

Jumapili iliyofuata hapakuwa na kipindi. Wifi alifika saa nane mchana, simu mkononi, mchomeleaji akiwa ameenda kula, akakuta duka limefungwa; akaenda nyumbani kwao, akakuta mlango umerudishwa tu. Mume alikuwa kitandani, mdomo wazi, anakoroma. Mkewe alikuwa kando yake, amelala ubavu, mkono mmoja chini ya shavu, na bisibisi ikiwa bado kwenye mfuko wa gauni. Wifi aliichomoa taratibu isije ikamchoma, akaiweka mezani.

Simu yake ikaanza kutetemeka. Wasikilizaji walikuwa wanauliza: leo vipi? Mbona kimya? Kuna mmoja alikuwa ametuma mlio mrefu wa cherehani inayolia kama mbuzi, akiomba ajibiwe haraka. Wifi alirudi sebuleni, akajimiminia chai, akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja:

"Fundi amelala. Na wewe ipumzishe hiyo mashine."